Tupeane uzoefu: Trekta dogo la mtumba, likipata moto linagoma kupanda mlima

Mwanzisha mada, Newala
Wakuu, poleni na msimu. Nina trekta dogo la bustani, mtumba wa Japani, lile la kukalia lenye visu vya kufyekea tumboni. Halina gia za kubadili. Unakanyaga pedeli linakwenda mbele, unakanyaga ya pili linarudi nyuma, kazi yote ni pampu na oili ndani ya gia boksi. Nalitumia kufyeka majani chini ya mikorosho kabla ya kuokota, na kuvuta kitela cha magunia. Asubuhi linapanda vizuri kabisa. Jua likishakolea, injini inanguruma vilevile lakini matairi hayana nguvu, kwenye kilima linasimama. Likipoa kivulini, linarudi kama kawaida. Fundi wa kwanza kasema gia boksi imekufa, na bei aliyotaja inakaribia ya trekta zima. Kabla sijauza korosho kwa ajili ya chuma, waliopitia haya naomba waseme.

Mdau wa Masasi
Pole mkuu. Usikubali haraka habari za gia boksi. Langu lilikuwa mkanda, ule unaotoa nguvu kwenye injini kupeleka gia boksi. Sili ya chini ya injini ilikuwa inavuja, oili inadondokea puli, mkanda unateleza kila nikipata mzigo. Angalia ubavuni: ukiona unang'aa, umeisha hata kama haujachanika. Kagua pia springi inayoukaza, ikishavutika hata mkanda mpya hausaidii. Na wale wa dukani wakikupa mkanda wa mashine ya kusaga eti unafanana, rudisha.

Mama Shule, Lindi mjini
Letu la kukatia nyasi uwanjani lilikataa kwenda kabisa. Kumbe usiku mlinzi alilisukuma kulitoa mvuani, akavuta kile kifimbo cha nyuma kinacholegeza gia boksi, hakukirudisha. Fundi alishafungua boliti mbili ndipo kijana mmoja akauliza, "Hiki cha nini?"

Fundi, Nachingwea
Mama Shule, hicho kifimbo ndicho kitu cha kwanza kushika. Kikivutwa, oili inazunguka bila kujenga presha, ndiyo maana trekta linasukumika. Kikirudi nusu, linakwenda kivivu. Zima injini, hakikisha kimerudi mpaka mwisho, sukuma trekta mahali tambarare. Likikataa, sawa. Likienda kirahisi, kuna presha inapotea humo ndani.

Sasa ndugu wa Newala. Mkanda ukiteleza mara nyingi unanuka mpira, na hukusema harufu. Asubuhi nguvu, mchana hakuna, likipoa zinarudi: hapo ninashuku oili na joto. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya kwenye nafasi ndogo kati ya pistoni na nyumba zake, presha inashuka. Pampu ikiwa imelika kidogo, asubuhi hutajua, oili nzito inaficha. Mchana inaumbuka.

Usianze kufungua. Juu ya gia boksi kuna feni ndogo ya plastiki, na mwili wa boksi una mbavu za kutolea joto. Kwenye mashamba yetu, mchanga na majani makavu ya mikorosho yanajaa pale mpaka huoni mbavu. Safisha kwa brashi na upepo wa kompresa. Maji ya presha hapana, yanasukuma uchafu kwenye sili. Hesabu mapanga ya feni, likivunjika moja tu upepo unapungua.

Halafu oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyeusi na ina harufu ya kuungua, imechoka. Fuata kitabu cha boksi lako: ziko zinazotumia oili ya injini 20W-50, ziko za 10W-30, na ziko zenye oili yake maalumu. Boksi nyingine hazina hata boliti ya kumwagia, lazima zishushwe. Ukishabadilisha, toa hewa: nyanyua matairi ya nyuma, weka stendi, si jeki peke yake. Vuta kifimbo, washa injini taratibu, kanyaga mbele na nyuma polepole mara tano au sita. Rudisha kifimbo, rudia. Angalia kipimo, ongeza. Ukiruka hatua hii litapiga mluzi na kwenda kwa kurukaruka, halafu utamlaumu aliyekuuzia oili.

Mkulima wa Liwale
Mimi nasema tatizo ni kazi. Haya matrekta yalitengenezewa nyasi za uani, sisi tunayavutisha magunia kilimani. Nunueni pawatila yenye gia za kawaida. Na wewe fundi, huko kwenu Waingereza walileta matrekta ya kila aina kwenye ule mradi wa karanga wa 1947, ardhi ikayamaliza.

Fundi, Nachingwea
Hahaha, mzee wangu umenifikia mbali. Kuhusu kitela nakubaliana nawe, kilimani apunguze magunia. Kufyeka linaweza.

Mwanzisha mada, Newala
Ahsanteni. Nimeinua kiti na kusafisha. Feni ina mapanga mawili yaliyokatika, na mbavu zilikuwa zimejaa mchanga mtupu. Mkanda mzima. Leo nimefyeka mpaka saa saba mchana bila kitela: kwenye kilima lilipunguza mwendo ila halikusimama. Oili ni nyeusi. Boksi langu halina boliti ya chini. Fundi, naweza kuifyonza kwa bomba la sindano kupitia tundu la juu, au lazima lishuke?

Fundi, Nachingwea
Kufyonza kunatoa sehemu tu, machicha ya chuma yanabaki chini. Lishushe msimu ukiisha. Feni agiza sasa, ukiwa na namba iliyo kwenye kibandiko cha boksi, siyo jina la trekta.