Edison, Lumière au projekta ya mtumba: klabu ya shule ichukue ipi?

Mwl_Chaki:
Wakuu habarini za jioni. Klabu yetu ya historia shuleni imepata hela kidogo, tunataka kitu cha kuonyesha sinema ilivyoanza, wazazi nao watakuja siku ya maonesho. Nina njia tatu: sanduku la kuchungulia mfano wa Kinetoscope ya Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, ambalo seremala atalichonga, au kimashine cha kuzungusha kwa mkono kinachoonyesha picha ukutani, mfano wa Cinématographe ya kina Lumière, wale ndugu wawili wa Ufaransa, au kuna mtu anauza projekta ya mtumba ya milimita 16 (upana wa mkanda wa filamu). Ipi bora? Nawasilisha.

fundi_waya:
Mwalimu umetuachia mifupa tupu. Hela kidogo ndo ngapi? Umeme upo hapo shule? Watoto wangapi, darasa la tano au fomu foo? Na hiyo projekta umeiona ikizunguka kwa macho yako au umetumiwa picha tu WhatsApp? Jibu kwanza, la sivyo tutapiga ramli.

Mzee_wa_Reli:
Lumière, sina hata haja ya kufikiria. Ile mashine ilikuwa na kilo kama 5 tu, inapiga picha, inachapisha, inaonyesha, yote humohumo na kwa mkono. Tarehe 28 Desemba 1895 pale Grand Café Paris walilipa watu 33, faranga 1 kila mmoja, wakaona vifilamu 10 wakiwa wamekaa pamoja ukumbi mmoja. Hiyo ndo sinema. Kuchungulia tundu mtu mmoja mmoja siyo sinema, ni kuchungulia.

Edison_wa_Ubungo:
Punguza jazba mzee wangu. Kina Lumière wenyewe walianza kuumiza kichwa baada ya kuiona Kinetoscope Paris. Duka la kwanza lilifunguliwa Broadway, New York, 14 Aprili 1894, mashine 10 zimepangwa, unatoa senti 25 unaangalia safu ya mashine 5. Mkanda wa milimita 35 wenye matundu manne pembeni kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mkanda, ulitoka kwa Edison na yule kijana wake Dickson, na ukaja kuwa mkanda wa sinema dunia nzima, wa Lumière ulikuwa na tundu moja la duara kila upande, nani anaukumbuka leo?

Dada_Tuli:
Mwalimu shikamoo. Mbona hamtaji zoetropu, ile ngoma ya karatasi yenye vitundu inayozungushwa? Manila kadi, mkasi, gundi, na kitu cha kuizungusha. Watoto wanachora wenyewe picha 12 za mtu anaruka, wanachungulia kwenye vitundu, picha inaruka. Mimi nilifanya na watoto wa la nne walishangilia darasa zima. Mwingereza Horner aliibuni 1834, kabla hata kamera haijawa kitu cha watu, hapo unafundisha jicho linavyodanganywa.

Mwl_Chaki:
Marahaba Tuli. Wanafunzi ni sekondari, kama 40 kwenye klabu. Umeme upo ila unakatika. Projekta sijaiona, jamaa yuko mkoa mwingine, anasema ni zima kabisa.

mtumba_ulinichoma:
MWALIMU USITUME HELA. Ngoja nikupe yangu. Mwaka juzi nilinunua ya milimita 16 kwa jamaa mmoja hivi, maneno yaleyale, "zima kabisa, unachomeka tu". Ikaja imefungwa vizuri na godoro mpaka nikamsifu. Nimechomeka, paa! taa imekufa palepale, kumbe ni ya Marekani ya volti 110 na kibandiko cha nyuma kilikuwa kimebanduliwa, alama ya gundi inaonekana kabisa. Nikatafuta transfoma, nikatafuta taa mpaka nikaagiza nje na bei yake ni kilio. Kuwasha tena, mota inazunguka lakini taratibu, sababu ile mota inafuata umeme wa hezi 60 na sisi tuna 50, kwa hiyo watu kwenye filamu wanatembea kama wamelewa na sauti ni ya jini. Mikanda ya mpira ya ndani imekuwa ute. Na zile filamu alizonipa "bonasi" zinanuka siki chumba kizima, zimejikunja, ndo acetate, ile plastiki ya mkanda, ikishaoza hiyo haina dawa. Kumpigia jamaa, namba haipatikani hadi kesho. Leo hiyo projekta mke wangu kawekea televisheni juu yake.

fundi_waya:
Hahaha pole mkuu. Ila kweli, projekta bila mikanda ni chuma tu, mwalimu utaonyesha nini humo?

Pwani_Raha:
Na moto je? Zile filamu za zamani zinalipuka. Si ndo zilichoma watu zaidi ya 120 Paris pale Bazar de la Charité, lile soko la hisani, Mei 1897?

Mzee_wa_Reli:
Mikanda ya nitrati, ile plastiki ya zamani inayoshika moto haraka, ndiyo ilikuwa hatari hiyo, lakini ya milimita 16 ilitoka 1923 ikiwa ya usalama tangu mwanzo. Na ule moto wa Paris ulianzia kwenye taa ya projekta iliyotumia etha walipokuwa wanaijaza, tusiibebeshe filamu kila dhambi.

Leeds_1888:
Mnagombana Edison na Lumière kama Simba na Yanga wakati Mfaransa Le Prince alishapiga picha za sinema bustanini kule Roundhay, Leeds, Oktoba 1888. Septemba 1890 akapanda treni Dijon kwenda Paris na hakuonekana tena, yeye wala mizigo.

Edison_wa_Ubungo:
Usije ukasema Edison alimuua, maana huko ndo mnakoelekea siku zote. Ushahidi hakuna.

Leeds_1888:
Sijasema hivyo. Nasema wazazi watauliza "nani wa kwanza" na mwalimu akiweka sanduku moja tu pale mezani atakuwa ameshawajibu. Ndugu wa Skladanowsky, Wajerumani, walionyesha sinema kwa malipo Berlin tarehe 1 Novemba 1895, karibu miezi miwili kabla ya Grand Café. Mfaransa Reynaud naye alikuwa anaonyesha michoro yake inayotembea kwenye pazia Paris tangu 1892, baadaye akakata tamaa akatupa mashine zake mto Seine.

Dada_Tuli:
Masikini Reynaud jamani 😢

kadi_na_ngoma:
Ngoja niwachanganye zaidi. Mwalimu, achana na zote tatu, tengeneza mutoskopu. Ni ya Mmarekani Casler, miaka hiyohiyo ya 1890, Dickson alimsaidia akiwa njiani kumkimbia Edison. Haina mkanda wala umeme, ni kadi za picha mamia zimepangwa kwenye ngoma kama kurasa, unazungusha mkono zinafunguka mojamoja. Watoto warekodi kwa simu, utoe fremu, uchapishe stationery kwenye karatasi ngumu, seremala achonge sanduku.

Edison_wa_Ubungo:
Kumbe bado ni kuchungulia 😂 karibu chama letu.

Mwl_Chaki:
Hiyo ya kadi imenigusa. Ila mkuu wa shule anataka wazazi waone wote kwa pamoja, ndo maana projekta haijanitoka kichwani.

mtumba_ulinichoma:
Mwalimu!!

Mzee_wa_Reli:
Si nilisema, watu wakae pamoja. Ukienda kwa Lumière zoesha kijana mmoja mapema: mizunguko miwili kwa sekunde, kila mzunguko fremu 8, jumla 16. Akichoka mkono picha inaanza kutetemeka na wazazi wataanza kuongea.