Tupeane uzoefu: safari za siku moja na familia nje kidogo ya Dar es Salaam

Mkazi wa Tabata
Habari za jioni, ndugu zangu. Leo nimepita kivukoni Magogoni nikaiona familia moja imejipanga na mikeka, madumu ya maji na mtoto mchanga mgongoni, nikamkumbuka marehemu baba alivyokuwa akituvusha kwenda Kigamboni kila Jumatatu ya Pasaka, wakati daraja lilikuwa bado halijajengwa na foleni ya pantoni ilikuwa sehemu ya safari yenyewe. Shule zinakaribia kufungwa. Kwa wengi wetu Serengeti si safari ya kupanga kwa mshahara wa mwezi mmoja, lakini zipo sehemu ambazo mtu huondoka alfajiri, akashinda na wanawe, na usiku akalala kitandani kwake. Naomba kila aliyewahi kutoka na familia aeleze alikwenda wapi, nini kilifaa, nini kiliiharibu siku, na angemshauri nini mzazi anayetaka kwenda huko Jumamosi ijayo.

Mwalimu Mstaafu
Mimi nitaisemea Bagamoyo, kwa sababu nimewapeleka huko wanafunzi, wanangu, na sasa wajukuu. Msianzie ufukweni. Anzeni na Kaole asubuhi, kilomita chache kusini mwa mji, jua likiwa bado la upole, kwa sababu magofu yale hayana kivuli cha kutosha. Pale kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe, na upo mbuyu ambao wenyeji husimulia kuwa anayeuzunguka huongezewa umri. Watoto wote huuzunguka. Baadaye nendeni Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Waelezeni watoto kuhusu Chuma na Susi, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mjukuu wangu wa miaka minane aliniuliza walikuwa wakila nini njiani, na swali hilo limenifundisha kuliko vitabu vingi nilivyosomeshea. Mji Mkongwe wa Bagamoyo uachieni alasiri, na bahari iwe ya mwisho.

Dereva wa Familia
Naunga mkono. Ongezeni tu kwamba mkichelewa kutoka mjini, Tegeta na Bunju zitawalia saa mbili.

Baba Wanne
Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote, nadhani watoto wadogo hawapaswi kupelekwa mahali pa kumbukumbu za utumwa siku yao ya mapumziko. Mwanangu wa miaka sita alirudi kutoka Bagamoyo akawa anaamka usiku akiuliza kama watu wale waliofungwa minyororo walirudi kwao. Siku ya matembezi iwe ya kucheza. Historia ina wakati wake darasani.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Mtoto aliyeuliza kama walirudi kwao ameuliza jambo ambalo watu wazima wengi hupita pale bila kuliuliza, nami nisingependa anyimwe nafasi hiyo. Ninalokubaliana nawe ni umri. Kwa mtoto wa miaka sita, mbuyu na bahari vinatosha, na chumba chenye minyororo anaweza kusubiri nje na mama yake.

Shangazi wa Kijitonyama
Wenye watoto wa umri huo wasiende mbali kiasi hicho. Kijiji cha Makumbusho kipo hapa hapa mjini tangu miaka ya 1960, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na mtoto anaingia ndani, anagusa ukuta wa udongo na kuona mahali pa kuku na mahali pa babu. Sisi tulikwenda kwa daladala. Mume wangu alisimama mbele ya nyumba ya Kihaya muda mrefu bila kusema neno, ndipo akaanza kuwaeleza watoto habari za mama yake, ambazo hata mimi sikuwa nimewahi kuzisikia.

Kijana wa Kimara
Naomba watu wasisahau treni ya umeme. Tangu Juni 2024 inakwenda Morogoro, na safari ambayo kwa basi ilikuwa inaweza kumaliza saa nne au zaidi kutokana na foleni za Mbezi, Kibaha na Chalinze, sasa haifiki saa mbili. Tuliondoka asubuhi na wazazi wangu, mama yangu akiwa na tatizo la mgongo ambalo lilikuwa limemfungia ndani kwa muda mrefu, na alikaa dirishani akiitazama milima ya Uluguru inavyojitokeza, akamwita baba aje aone. Ninawashauri haya: kateni tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa wakati mmoja, kwa sababu za Jumapili jioni huisha mapema, bebeni vitambulisho, na mjue kwamba stesheni ya Morogoro ipo Kihonda, si katikati ya mji, kwa hiyo mtahitaji bajaji au daladala. Wenye miguu ya kupanda wakapande kuelekea Morningside. Wenye wazee watafute mahali pa kukaa wakiutazama mlima.

Mpishi wa Pwani
Siku ya familia huharibiwa na njaa kabla ya kuharibiwa na kitu kingine chochote. Pikeni pilau usiku, lipoe kabisa kabla ya kufungwa, na kachumbari ikatwe huko huko. Anayefika ufukweni mikono mitupu atamsubiri samaki mpaka watoto walale kwa njaa, halafu alipe bei ya siku mbili za chakula cha nyumbani.

Baba Wanne
Fukwe nyingi zenye choo safi haziruhusu chakula cha nje. Ulizeni kwanza kwa simu. Sisi tulizuiwa getini na sufuria yetu, ikabidi tulie chakula ndani ya gari, jua la saa saba likiwa juu yetu.

Mama Pacha
Nilikuwa nasoma tu, sikukusudia kuandika. Lakini ndugu aliyeanzisha mada ametaja Kigamboni, na mkono wangu umeshindwa kupita.

Ilikuwa Idi pili, Idi ya kufungulia. Tulikuwa familia nzima ya upande wa mume wangu, kina shangazi, wajomba na watoto wengi, katika ufukwe mmoja wa Kigamboni. Tulipofika, asubuhi ya saa nne, maji yalikuwa yamekwenda mbali mno, mchanga umebaki wazi kama uwanja, na mbele kabisa kulikuwa na fungu jeupe ambalo watoto walilipenda mara tu walipoliona. Mjomba wao, mtu makini ambaye hajawahi kumwacha mtoto avuke barabara peke yake, aliwachukua watano, pacha wangu wa miaka tisa wakiwamo, wakatembea hadi huko kwa miguu. Njiani walivuka kijito cha maji ya vifundoni. Kutoka pale nilipokuwa nimekaa niliwaona wakiokota kombe, nikaiona kofia nyekundu ya binti yangu, nikaendelea kupakua chakula.

Bahari ilipoanza kurudi haikutoka mbele yao. Ilipita pembeni na kujaza kwanza kile kijito kilichokuwa nyuma yao. Wao walikuwa wamesimama pakavu kabisa, wakitazama upande wa kina, na hapakuwa na kitu machoni pao cha kuwashtua. Mjomba alipogeuka ili awarudishe, maji ya vifundoni yalikuwa yamefika kifuani kwake na yalikuwa yanakwenda kwa nguvu. Hajui kuogelea. Alimbeba mdogo kuliko wote mabegani, akawaambia wengine washikane mikono, wasimame pale palipoinuka zaidi, na wasijaribu kuvuka. Sisi ufukweni tulisikia sauti tukadhani wanacheza. Mama mkwe wangu, ambaye alizaliwa Kilwa na kukulia baharini, ndiye aliyesimama, akaweka mkono juu ya macho, akasema neno moja tu: "Wamezingirwa."

Sitaweza kueleza muda uliofuata ulikuwa mrefu kiasi gani. Mume wangu aliingia majini na wanaume wawili wakamvuta nyuma kwa nguvu, kwa sababu mkondo ulikuwa unampeleka upande mwingine kabisa. Wifi yangu alikimbia kuelekea kwa wavuvi waliokuwa wakishona nyavu kwenye kivuli cha mvinje. Vijana wawili waliisukuma ngalawa yao bila kuuliza swali lolote, wakazunguka kwa juu ili mkondo uwashushe penye fungu badala ya kuwapitisha, na walipofika, fungu lilikuwa limebaki la ukubwa wa mkeka, watoto wamesimama juu yake maji yakiwa magotini, na mjomba akiwaimbisha kaswida kwa sauti kubwa ili wasilie. Wote walirudi. Pacha wangu wa kiume alikuwa bado ameshika kombe lake.

Wavuvi wale walikataa pesa. Walikubali chakula, wakakaa nasi mkekani, wakala, na yule mkubwa akatuambia kwamba kila mwaka siku kama ile huwa wanaiweka ngalawa tayari karibu na maji.

Mkazi wa Tabata
Dada, pole sana. Nimesoma nikiwa nimesimama. Mungu awazidishie wale vijana.

Dereva wa Familia
Pole sana. Nami sasa nimeelewa kwa nini baba mkwe wangu hutukataza kwenda mbali hata maji yakiwa yametulia.

Mzazi Makini
Pole, lakini ni lazima niulize: kwa nini watoto watano waliachiwa mtu mmoja asiyejua kuogelea? Watu wazima wote wale walikuwa wapi?

Shangazi wa Kijitonyama
Ndugu, swali hilo lingefaa kuulizwa kwa upole zaidi. Mtu huyo aliwazuia watoto watano wasiingie kwenye mkondo, na kama angekuwa mwogeleaji anayejiamini huenda angejaribu kuwavusha mmoja mmoja na tungekuwa tunaandika habari nyingine kabisa.

Mzazi Makini
Shangazi, sikukusudia kumlaumu. Nimemzika mtoto wa jirani aliyezama, na tangu siku hiyo siwezi kusoma habari ya bahari nikanyamaza.

Shangazi wa Kijitonyama
Basi tusameheane. Pole sana.

Mtoto wa Nahodha
Naomba mnisome kwa makini, kwa sababu jambo lililompata dada Mama Pacha lina kalenda yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupwa sana na hujaa sana. Katika pwani yetu hii, siku za bamvua maji huwa yametoka kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni, na kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Sasa tazameni: Idi el-Fitri huwa daima baada ya mwezi kuandama, kwa hiyo Idi hii huangukia kwenye bamvua au karibu nayo kila mwaka. Familia zinafika saa nne zikakuta mchanga mtupu unaowaita watoto, na wakati wa kupakua chakula ndio wakati bahari inarudi kwa kasi, kwa sababu maji hayajai sawasawa. Huanza taratibu, na katikati ya kujaa kwake ndipo hupanda haraka zaidi. Idi el-Hajj ni tofauti, kwani huwa tarehe kumi ya mwezi wa Kiislamu, wakati wa maji mafu, na tofauti ya kupwa na kujaa huwa ndogo.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga siku, utazameni mwezi. Mkitaka kuogelesha watoto, chagueni siku za maji mafu, ambapo asubuhi maji huwa yamejaa na yametulia. Mkitaka kutembea kwenye mafungu, nendeni maji yakiwa bado yanatoka, na mgeuke kabla hayajamaliza kutoka. Na mkivuka kijito chochote, hata cha vifundoni, aachwe mtu mzima mmoja akikitazama.

Baba Wanne
Mtoto wa Nahodha, na visiwa je? Nilikuwa nafikiria Mbudya.

Mtoto wa Nahodha
Mbudya ni pazuri. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari pamoja na Bongoyo, kwa hiyo kuna kiingilio, na boti hutokea upande wa Kunduchi. Hakikisheni kila mtoto amevaa jaketi la kujiokolea la kimo chake, si la mtu mzima lililofungwa kamba. Miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, upepo hupanda alasiri, kwa hiyo mwambieni mwenye boti awarudishe mapema, hata kama mmelipia siku nzima.

Mpishi wa Pwani
Mimi nashauri watu waende Pugu tu, msituni, hakuna maji ya kumfuata mtu.

Kijana wa Kimara
Pugu nako mvua za masika zikinyesha njia huwa tope, na ndani ya mapango ya popo hampaswi kuingia bila mwenyeji.

Mama Pacha
Nashukuru kwa maneno yenu. Ndugu Mtoto wa Nahodha, nimemsomea mama mkwe wangu ulichoandika, naye anasema uongeze kwamba wavuvi waulizwe kwanza, hata kama mtu amekwisha kutazama mwezi, kwa sababu wao wanajua kila kijito cha ufukwe wao kinajaa kutokea upande gani. Pacha wanafundishwa kuogelea sasa, na mjomba wao anafundishwa pamoja nao.

Mkazi wa Tabata
Nimetazama kalenda. Jumamosi ijayo ni tarehe tisa ya mwezi wa Kiislamu, yaani maji mafu. Tunakwenda Bagamoyo, Kaole asubuhi kama Mwalimu alivyoelekeza, na tunaondoka Tabata saa kumi na moja alfajiri. Kuna nafasi ya watu wanne kwenye Noah. Anayetaka tuchangie mafuta aniandikie leo.