Mapacha wangu: mmoja sauti imeshakuwa nzito, mwenzake amevimba chuchu

BabaMapacha:
Wakuu, habari zenu. Nina mapacha wa kiume, wasiofanana, wana miaka 13 na miezi minane. Walipishana dakika ishirini tu kuzaliwa, lakini leo ukiwaona utadhani ni mtu na mdogo wake. Wa kwanza amenifikia begani, viatu vyangu vinamtosha, na akipokea simu yangu watu wanamwamkia wakidhani ni mimi. Wa pili bado mfupi, sauti ile ile ya utotoni, na chini ya chuchu ya kushoto ana kitu kigumu cha duara, kama kifungo cha koti. Ukikigusa anaruka.

Nimejua kwa bahati tu. Ni mwezi wa pili huu havui sweta hata jua liwe kali vipi, nami nikadhani ni mambo ya vijana. Juzi mpira ukampiga kifuani, akalia kama mtoto mdogo, ndipo mama yake akamvua shati. Shangazi yake alikuwepo, akaropoka palepale: "Huyu ana homoni za kike." Tangu siku hiyo anakula peke yake chumbani.

Je, huu ni ugonjwa? Na kuna dawa ya kumkuza amfikie mwenzake? Msinicheke, kwetu tulikuwa wasichana watupu, mimi wa kiume peke yangu.

MuuguziMstaafu:
Hakuna wa kukucheka, baba. Nijibu kwanza: chuchu inatoa majimaji? Ngozi ya juu imebonyea au ina kidonda? Kuna dawa yoyote anayotumia?

BabaMapacha:
Hapana kwa yote matatu. Dawa hatumii. Chunusi za usoni anazo, na kwapa limeanza kunuka, hilo nimeliona.

MuuguziMstaafu:
Basi balehe imeshaanza, na uvimbe huo ni sehemu yake. Takriban nusu ya wavulana huupata, zaidi wakiwa na miaka 13 au 14. Kila mwanamume ana estrojeni, yaani homoni ya kike, kidogo mwilini; mwanzoni mwa balehe testosteroni, ile ya kiume, haijapanda vya kutosha kuizidi nguvu, basi tishu ya titi inavimba. Inaweza kuwa upande mmoja tu, na huuma ukiigusa. Kwa wengi uvimbe huisha wenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Shangazi mwambie hiyo homoni hata mumewe anayo.

Msiukande wala kuubinya. Mpelekeni kwa daktari ukizidi kukua, ukitoa majimaji, ukiwa mgumu kama jiwe na hausogei, au ukipita miaka miwili.

Kifua_Wazi:
Mimi nilikuwa nayo pande zote mbili nikiwa na miaka 14. Nilikuwa najifunga kitambaa kifuani chini ya shati, kinanibana hadi kupumua shida. Nilipofika 16 ilikuwa imeisha, sikumbuki hata iliisha lini. Uvimbe haukuniumiza sana. Kilichoniumiza ni kudhani niko peke yangu duniani. Baba, keti naye wewe mwenyewe, usimwachie mama.

BabaMapacha:
Asanteni. Na urefu je?

MuuguziMstaafu:
Wavulana huanza balehe popote kati ya miaka 9 na 14, na mapacha wasiofanana wanatofautiana kama ndugu wengine. Dalili ya kwanza si ndevu wala sauti, ni korodani kukua, na hiyo wazazi hawaioni. Kurefuka kwa kasi huja baadaye, wengine huongeza hata sentimita 9 kwa mwaka. Aliyeanza mapema humaliza mapema. Wa kumpeleka akapimwe ni yule aliyefika 14 bila dalili yoyote, na wako anazo. Dawa za kukuza msimpe, na za kuuziwa mtandaoni ndiyo kabisa.

BabaMapacha:
Mrejesho. Jana nilikaa naye nje, tukiwa wawili. Nilimweleza yote, na ya Kifua_Wazi na kitambaa chake nikamsomea. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo sweta naweza kuendelea kuvaa?" Nikamwambia avae mpaka atakapochoka mwenyewe. Usiku alikuja kula mezani, na sweta lake.