Land Rover Forward Control IIB ipo Nachingwea, nianzie wapi?

Mwana_Nachingwea: Wakuu habari zenu, babu katuachia Land Rover ile yenye kichwa juu ya injini, IIB petroli silinda sita 2.6, enzi zake ilibeba sana korosho. Nataka kuiboresha iende mpaka Mtwara bila presha, pia nijue historia yake.

FundiMasasi: Dah hiyo mali mkuu, IIB zilitoka 1966 mpaka 1972, hazifiki hata 2,500! Injini usiitupe, watu wanakimbilia kufunga ya Hilux halafu gari inapoteza maana. Anza na breki. Dainamo (mashine ya zamani ya kuchaji betri) toa weka alteneta ya kisasa ila cheki kwanza betri, kama bodi imefungwa kwenye chanya (+) ya betri itabidi ugeuze iwe hasi (-) la sivyo unaiunguza alteneta siku hiyohiyo.

Mwana_Nachingwea: Na historia je? Kadi ilishapotea kitambo

Dada_Lindi: Kaka safisha chesisi usome namba, rangi nyingi huwa imeiziba. Ukiipata omba cheti British Motor Museum kule Gaydon Uingereza, wanalipisha, kinaonyesha tarehe ya kutengenezwa, rangi ya mwanzo, namba ya injini na ilikopelekwa.

FundiMasasi: Na usipake rangi mpya kabla hicho cheti hakijafika 😂