Karafuu: ile asilimia 20 inayobaki kwa ZSTC ni kodi au si kodi?

Mtambwe77
Assalaam alaykum. Tunaambiwa mkulima wa karafuu halipi kodi, tena ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar ambalo ndilo mnunuzi pekee, inampa asilimia 80 ya bei ya dunia. Hiyo 20 tuiiteje? Na inamuuma kiasi gani? Naomba hesabu, siasa baadaye.

Bin_Kiuyu
Waalaykumu salaam. Ni kodi, tena inakatwa kwenye mauzo bila kuangalia faida. Kwa mfano tu: bei ya nje 20,000 kwa kilo, mkulima anapata 16,000. Kupalilia, wachumaji, kuanika na gari ya kituoni tuseme 9,000. Angebakiwa na 11,000, sasa 7,000: asilimia 36 ya faida imeondoka. Msimu hafifu mchumaji anataka zaidi kwa pishi. Gharama ikifika 14,000, ile 6,000 inakuwa 2,000. Kodi ya mapato ingeshuka naye. Hii haishuki.

Bandarini
Sheikh, umezidisha. Tajiri binafsi naye angekata magunia, ghala, meli na faida yake. Katika ile 4,000 inayokatwa, ukiweka 2,000 kwa hayo, kodi halisi ni 2,000 iliyobaki, juu ya faida ya 9,000, yaani asilimia 22. Msimu hafifu ni nusu. Na bei ya dunia ikiporomoka, nani zaidi ya ZSTC atanunua kwa bei iliyotangazwa?

Bin_Kiuyu
Nakubali, gharama za kusafirisha niliziacha. Lakini hiyo 2,000 umeijuaje? Mnunuzi akiwa mmoja, gharama yake haina cha kupimiwa: uzembe wa ghala na mishahara ya ziada vyote vinaingia humo humo. Kipimo pekee tulichokuwa nacho ni magendo ya Mombasa, karafuu zikivushwa kwa siri kufuata bei nzuri zaidi, na bei ilipopandishwa sana 2011 yalipungua. Indonesia nao walimpa haki ya kununua karafuu mtu mmoja, mtoto wa Rais Suharto, chini ya BPPC, chombo kilichohodhi biashara ya karafuu. Ikavunjwa 1998 kwa masharti ya IMF.

Mtambwe77
Basi mngefanyaje?

Bandarini
ZSTC ibaki kununua kwa bei ya kima cha chini, ili mkulima asishushwe zaidi ya hapo, wengine wapewe leseni, serikali itoze ushuru bandarini kwa kilo, uandikwe kwenye risiti. Ila upangaji wa madaraja usiachiwe wanunuzi. Wakigombea mzigo watachukua hata karafuu zisizokauka na mpeta, ile iliyovunda kwa kurundikwa mbichi, wazichanganye na daraja la kwanza. Mnunuzi wa nje akipata gunia kama hilo, anashusha bei ya Pemba nzima.