Paestum: mji uliobaki chini ya mashamba uchimbwe au uachwe?

KOKOTO (mtoa mada)

Wakuu, naleta hoja ambayo Waitalia wenyewe hawajaimaliza. Paestum, katika jimbo la Campania kusini mwa Salerno, inajulikana kwa mahekalu matatu ya Kigiriki. Ukitaja jina hilo, kila mtu anawaza nguzo. Lakini boma lake la mawe lina mzunguko wa karibu kilomita 4.75 na limezunguka takriban hekta 120. Zilizofunuliwa ni kama hekta 25 tu. Zilizobaki ni mashamba, mengi yakiwa ya watu binafsi. Juu ya hayo, barabara iliyokatwa karne ya 19, enzi za wafalme wa Bourbon waliotawala kusini mwa Italia, imepasua mji kutoka kaskazini hadi kusini na kupita juu ya amfitheata ya Kirumi, uwanja wa maonyesho wenye ngazi za watazamaji. Upande wa magharibi wa amfitheata unaonekana. Upande wa mashariki umelala chini ya barabara.

Msimamo wangu ni kwamba uchimbwe. Sababu ya kwanza ni plau ya trekta, ambayo haisubiri mjadala wetu. Kulima kwa kawaida kunafika sentimita 30 hadi 40, na ukitaka kupanda miti ya matunda unapasua hadi karibu mita moja. Paestum imekaa juu ya mwamba wa chokaa, na mahali pengine udongo ni mwembamba. Sababu ya pili ni kwamba hatujui tunachokosa. Mwaka 2019, kazi ikiendelea kandokando ya ukuta wa magharibi, kulionekana mabaki ya hekalu dogo la Kidoriki (mtindo mmojawapo wa ujenzi wa Kigiriki) ambalo halikuwa kwenye ramani yoyote: nguzo 4 mbele, 6 ubavuni. Matokeo ya uchimbaji wake yalitangazwa 2023, vikiwemo vichwa vya fahali vya udongo wa kuchoma. Hekalu zima, ndani ya mji ambao watalii na wasomi wameukanyaga tangu karne ya 18!

BI TABAKA

Kokoto, nakupinga, na naanza na swali: unataka kuuchimba mji upi?

Maana pale pana miji mitatu iliyolaliana. Wa chini ni Poseidonia, ulioanzishwa na Wagiriki wa Sybaris, mji mwingine wa Kigiriki kusini mwa Italia, karibu mwaka 600 KK. Mwishoni mwa karne ya 5 KK ukaingia mikononi mwa Walukania, watu wa bara wasemao Kioski, lugha ya kale ya Italia. Mwaka 273 KK Roma ikaweka koloni lake la Kilatini, na jina Paestum likashika. Warumi hawakuhamia kiwanja kitupu. Walikata kipande katikati ya mji wa Kigiriki wakajenga forumu yao, yaani uwanja wa soko na shughuli za umma. Walukania walikuwa wameendelea kutumia eklesiasterio, ule uwanja wa duara wa mikutano ya raia, na jiwe lenye maandishi ya Kioski limekutwa humo. Warumi waliufukia kwa udongo. Leo unauona umefunuliwa kwa sababu kuna mtu aliondoa kile kilichokuwa juu yake.

Hapo ndipo penye mtego. Huwezi kufika kwa Mgiriki bila kumbomoa Mrumi. Tabaka ni kama kurasa ambazo kila ukiisoma moja unaichana. Kazi kubwa za katikati ya karne ya 20, chini ya wanaakiolojia Amedeo Maiuri na baadaye Pellegrino Claudio Sestieri, zilifunua vitalu virefu vya nyumba vyenye upana wa takriban mita 35, na tunawashukuru. Lakini kumbukumbu zilizobaki kuhusu tabaka zilizoondolewa ni chache mno. Kuta zipo. Muhimu zaidi ni nani aliishi kati ya kuta hizo karne ya 3 KK na nani karne ya 3 BK, na habari hiyo ilitoka na toroli la udongo.

Halafu kuna asali. Mwaka 1954 Sestieri alifungua chumba cha chini ya ardhi cha takriban mwaka 520 KK, akakuta vyombo 8 vya shaba vyenye uji mzito uliokauka. Kwa miongo kadhaa wapimaji mbalimbali walishindwa kuthibitisha kwamba ni asali. Walichokiona ni mafuta. Mwaka 2025 watafiti wa Oxford, kwa vifaa ambavyo havikuwepo 1954, wakaonyesha kwamba ni asali kweli. Miaka 71. Kila unachokichimba leo unakipima kwa vifaa vya leo.

KOKOTO

Bi Tabaka, mfano wako unanisaidia mimi. Sestieri asingefungua chumba kile, Oxford wangepima nini? Na asali ile ilisalia kwa sababu chumba kilikuwa cha mawe, kimefungwa, na Warumi hao hao uliosema wanafukia walikizungushia ukuta wa heshima. Shamba la mboga halina ukuta. Kinachokaa sentimita 35 chini ya uso wa shamba, plau inapopita, hakisubiri mwaka 2095.

MZEE WA RAMANI

Niwapoozeni kidogo kwa hesabu. Chukua hekta 95 zilizobaki, weka kina cha mita moja na nusu kwa kukisia. Unapata mita za ujazo 1,425,000. Mchimbaji anayefuata tabaka kwa mwiko, anayechora, anayechekecha na kujaza fomu ya kila tabaka, tumpe nusu mita ya ujazo kwa siku, tena huo ni ukarimu. Weka watu 50, siku 200 kwa mwaka. Utamaliza baada ya miaka 285. Kwa hiyo neno "uchimbwe wote" tulitoe mezani, halina mwenyewe.

Swali halisi ni wapi, na hapo ndipo vipimo vya juu ya ardhi vinaingia. Watu wanavitaja kana kwamba ni eksirei ya hospitali, bonyeza uone. Sivyo.

Magnetomita, kifaa cha kupima sumaku ya ardhi, ndiyo ya kuanzia. Ukitembea mistari iliyoachana nusu mita, hekta moja ni kilomita 20 za miguu. Hekta 95 ni kilomita 1,900. Ukuta wa mawe ya chokaa ndani ya udongo wa shamba unaonekana kama mstari hafifu, kwa sababu chokaa haina sumaku na udongo unayo kidogo. Tanuri na vigae vya kuchoma vinang'aa. Na hapo ndipo tatizo: paa la Kirumi likianguka, mita za mraba mia za vigae zinafunika ukuta wa Kigiriki ulio chini yake, na unachosoma ni kelele. Ongeza waya wa uzio, bomba la umwagiliaji na vyuma vya plau vilivyovunjika. Kifaa kinachobebwa mkononi kina uhakika hadi kama mita moja au moja na nusu tu.

Cha pili ni kupima ukinzani wa umeme. Kwa hatua ya nusu mita, hekta moja inahitaji vipimo 40,000. Ukuta unazuia umeme, mtaro uliojaa udongo laini unaupitisha. Lakini ukipima shamba limejaa maji, au limekauka kabisa mwezi wa Agosti, tofauti hiyo inapotea. Rada ya ardhini nzuri sana kwenye mchanga na chini ya lami, mbovu kwenye udongo wa mfinyanzi wenye maji, kwa sababu mfinyanzi unameza mawimbi. Uwanda wa mto Sele, ambamo Paestum imo, unazo ardhi zote mbili. Kwa hiyo hekta moja yaweza kusomeka vizuri na jirani yake ikawa kiza kitupu.

Ndiyo maana baada ya vipimo lazima uchimbe mitaro michache ya majaribio, mita 2 kwa 5, mahali ambapo picha inatatanisha. Siyo mahali ambapo picha inapendeza.

SHERIA MSUMENO

Mnachimba kwa mdomo shamba la mtu. Sheria namba 220 ya mwaka 1957, wengi huiita kwa jina la Zanotti Bianco, imepiga marufuku kujenga ndani ya boma na ndani ya mita 1,000 nje yake. Iliokoa Paestum isigeuke mji wa mahoteli, hilo halina ubishi. Lakini ilizuia kujenga tu, haikuifanya ardhi kuwa ya umma. Vitu vilivyomo ardhini ni mali ya dola, shamba ni la mkulima. Kanuni ya urithi ya 2004 inaruhusu serikali kutwaa ardhi kwa fidia kwa ajili ya uchimbaji, au kuikalia kwa muda na kumlipa mwenyewe. Kitu kikipatikana, mwenye ardhi aweza kupewa tuzo isiyozidi robo ya thamani yake. Legambiente, shirika la mazingira, liliwahi kufanya kampeni ya kuchangisha fedha za kununua mashamba yaliyo ndani ya boma. Ununuzi uje kwanza, jembe baadaye. Ukichimba ardhi uliyoazimwa, siku ya kuirudisha utafukia kwa haraka, na kufukia kwa haraka ni uharibifu wa pili.

FUNDI CHOKAA

Umesema neno, Msumeno. Mimi sina shida na wanaotaka kuchimba, ninachotaka wanijibu ni nani atalipa mwaka wa pili.

Ukuta uliokaa ardhini miaka 2,000 umezoea unyevu usiobadilika. Ukiuanika, juu unakauka na chini unaendelea kunyonya maji. Maji yanapanda yakibeba chumvi, yanakauka usoni, chumvi inaganda ndani ya vitundu vya jiwe na kulivunja punje kwa punje. Bahari iko karibu, hewa nayo inaongeza chumvi yake. Baada ya mvua ya kwanza ndege wanaleta mbegu za mtini. Mzizi wa mtini unaingia kwenye kiungo cha ukuta ukiwa mwembamba kama uzi. Ukiukata juu bila kuua shina, unarudi mnene zaidi. Kuvu na ukungu wa mawe nao wana zamu yao.

Dawa inajulikana na haina utukufu: ukaguzi mara mbili kwa mwaka, kung'oa mimea ikiwa michanga, kurudishia viungo kwa chokaa iliyozimwa, kipimo 1 kwa mchanga 3, na penye unyevu unachanganya pozolana, yaani majivu ya volkano. Juu ya ukuta unaweka kofia ya mawe na chokaa yenye mteremko ili maji yasisimame. Saruji ni marufuku. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, haipumui, na maji yakizuiwa pale yanatoka kupitia jiwe la kale. Miaka michache unabaki na saruji nzima na jiwe lililoliwa.

Halafu shimo lenyewe. Uwanda ni tambarare. Ukishusha sakafu mita moja na nusu umejenga bwawa. Strabo, mwanajiografia wa kale wa Kigiriki, aliandika kwamba mji huu ulikuwa na afya mbaya kwa sababu ya mto unaotapakaa kwenye vinamasi, na mabwawa hayo yamo katika sababu za watu kuhamia mlimani, Capaccio, Zama za Kati. Maji yale hayajaondoka. Kila kitalu kipya kinahitaji mfereji, na mfereji nao unakata tabaka.

KOKOTO

Fundi, nakubali nilirahisisha. Basi nipunguze hoja hadi sehemu mbili. Ya kwanza, ukanda ulio kandokando ya ukuta wa magharibi, ambako hekalu dogo lilionekana. Ya pili, amfitheata. Kuiacha nusu chini ya barabara ya karne ya 19 ni aibu, na pale hakuna Mgiriki anayebomolewa.

BI TABAKA

Kuhusu ukanda wa magharibi tuko pamoja. Pale tabaka za Kirumi na za Kigiriki zisomwe kwa usawa, siyo vigae vya Kirumi kutupwa pembeni kwa sababu wageni wanataka nguzo. Ikumbukwe hata hilo "hekalu la Ceres" la wazee wa karne ya 18 ni la Athena, na makaburi ya Kikristo ndani yake yanaonyesha lilikuja kuwa kanisa. Aliyeng'ang'ania Ugiriki mtupu angeyafuta.

Amfitheata nakataa. Unajuaje kwamba chini yake hakuna Mgiriki? Iko jirani ya forumu, na forumu ilikaa juu ya mji wa Kigiriki. Tena barabara ile imeharibu ilichoharibu siku ilipojengwa. Tangu hapo inafunika, na kufunika ni kulinda. Piga rada juu ya lami kwanza.

MZEE WA RAMANI

Rada juu ya lami inafaa, uso ni tambarare na mkavu. Ila mabomba ya maji na nyaya za kandokando zitachora mistari iliyonyooka kuliko ukuta wowote wa Kirumi. Omba kwanza ramani ya mabomba, usije ukatangaza ngazi za watazamaji kumbe ni bomba la maji taka.

FUNDI CHOKAA

Na mitaro ya majaribio ikishasomwa, ifukiwe hivi. Usioshe ukuta kwa maji. Tandika geotekstaili, kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji. Watu huweka nailoni kwa kubana matumizi: inanasa unyevu, na mizizi inatambaa chini yake ikitafuta njia. Juu yake mchanga uliooshwa, sentimita 20 hadi 30. Mchanga wa ufukweni hapana, hata kama uko jirani na ni wa bure, kwa sababu ya chumvi. Kisha rudisha udongo ule ule, angalau nusu mita, ushindilie kwa tabaka nyembamba na uinue katikati ili maji yatiririke nje. Panda nyasi, usipande mti. Kabla ya kufunga, tupa sarafu ya mwaka huu juu ya geotekstaili, atakayefungua tena ajue tuliishia wapi.