Tupeane uzoefu: chikungunya imeisha lakini viungo bado vinauma, mlitumia nini mkapona?

Wa Kisauni
Wadau salaam. Mi chikungunya, huu ugonjwa wa virusi wa kuambukizwa na mbu, niliipata Mombasa ule mlipuko wa mwisho wa 2017 kuingia 2018, nyumba nzima tulilala. Homa yangu iliisha siku ya tano nikashukuru Mungu, kumbe ndo kwanza kumekucha. Vifundo vya miguu, viganja, vidole, kila asubuhi vimekaza kama nimefungwa kamba, chupa ya maji nafunguliwa na mtoto wa darasa la pili, choo cha kuchuchumaa kushuka nashuka lakini kuinuka mpaka nishike ndoo. Miaka 34 naswali kwenye kiti wazee wananiangalia. Hospitali naambiwa virusi havina dawa yake, nenda na panadol. Ilinichukua kama mwaka hivi.
Sasa mdogo wangu kaipata, yuko wiki ya sita na ananiuliza maswali yale yale. Semeni kilichowasaidia, na pesa mlizotupa pia semeni. Wenye dawa za kusafisha damu piteni kwa mbali tafadhali.

Mama Chapati
Pole mwaya. Mi kazi yangu ni kukanda unga, sasa fikiria vidole havikunjiki. Nikaenda kemisti ya mtaani nikadungwa sindano, wallahi siku ya pili nilikuwa naruka, nikawapa na majirani namba. Wiki ya tatu maumivu yakarudi na hasira, nikadungwa tena, baadae nikapewa na vidonge niwe nameza tu. Uso ukavimba kama andazi, sukari ikapanda na kwetu hakuna mwenye sukari. Daktari kuangalia pakiti akasema hizi ni predinisoloni, steroidi, yaani dawa kali za kushusha uvimbe. Na usiziache ghafla! Nilipunguziwa kidogo kidogo mpaka zikaisha. Sisemi ni sumu, kuna watu wanaandikiwa za muda mfupi na zinawafaa, ila uandikiwe na mtu anayejua utazimaliza lini.

Mmakonde Halisi
Jina lenyewe la ugonjwa mmelitoa kwetu jmn, kwa Kimakonde ni kukunjamana, yaani mtu anatembea kajikunja. Ulielezewa mara ya kwanza huku Newala, mlipuko wa 1952 na 1953. Bibi yangu alikuwa msichana, alikuwa anasema dawa yao ilikuwa maji moto na kukandwa asubuhi kabla hujasimama. Mi mwenyewe nilipoipata nikamcheka, halafu nikachemsha maji. Haiponyeshi ila ule mkazo wa asubuhi unalegea, unaanza siku.

Nesi Zamu ya Usiku
Naongezea haraka. Siku za mwanzo wakati homa ipo, msikimbilie diklofenaki, brufeni wala asprini mpaka dengi iwe imepimwa na kuondolewa, maana dengi na chikungunya zinafanana na mbu ni yule yule wa mchana, na mwenye dengi akimeza hizo dawa anaweza kuvuja damu. Panadol ndo salama, kwa kipimo chake. Homa ikishapita na dengi haipo, hapo hizo za maumivu zinaruhusiwa ila uwe umekula, na wenye vidonda vya tumbo, presha au figo waulize kwanza.

Beki Mstaafu
Hilo la tumbo ni kweli, diklo nilimeza miezi miwili kama karanga nikaishia kutapika cheusi. Kilichonitoa mimi ni fizio, yale mazoezi ya viungo ya hospitali. Mwanzo niliona wananichezea, eti finya sponji, zungusha kifundo, tembea dakika kumi. Kosa langu siku nikijisikia poa nilikuwa naenda uwanjani kabisa, kesho yake nalala siku tatu. Nilipojifunza kuishia kabla ya kuchoka ndo nikaanza kuona mabadiliko, kila wiki naongeza kidogo.

Mstaafu wa Tanga
Mimi ni mtu mzima, miaka 58, yangu iligoma kabisa. Mwezi wa saba tangu niugue vidole vimevimba kabisa, si maumivu tu. Kila mtu ananiambia mzee hiyo ni baridi yabisi ya uzee. Nikapewa rufaa kwa daktari bingwa wa viungo, wakapima damu kuangalia kama si yabisi yenyewe imejitokeza, wakaniambia ikivuka miezi mitatu na uvimbe upo usikae nyumbani. Nilianzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili inayoshambulia viungo. Hii dawa ni MARA MOJA KWA WIKI, narudia, kwa wiki, mwenzangu kliniki alimeza kila siku akalazwa mdomo wote vidonda. Unapewa na foliki asidi, ile vitamini, unapimwa ini na damu mara kwa mara, na mwanamke mwenye mimba au anayetafuta mimba haruhusiwi kabisa. Kwangu ilichukua kama miezi miwili kuonyesha kitu. Leo nafunga vifungo vya shati mwenyewe.

Dada wa Bububu
Na tangawizi je? mwarobaini? Mama ananichemshia.

Wa Kisauni
@Dada wa Bububu tangawizi kunywa, ni chai tu. Mwarobaini nilikunywa lita nyingi, nilichopata ni uchungu mdomoni.
Asanteni wote. Huyu mdogo wangu bado hajafika miezi mitatu na hana uvimbe, nimemnunulia sponji la kuoshea vyombo, Jumatatu tunaenda fizio. Nimechungulia kwenye begi lake nikakuta pakiti haina jina, kasema kapewa na rafiki. Mama Chapati, zile zako zilikuwa nyeupe ndogo?

Mama Chapati
Ndogo nyeupe ndio, ila nyeupe ziko nyingi. Mpeleke nayo hiyo pakiti, na muulize kameza siku ngapi kabla hujamnyang'anya.